Umeme ulipokatika kwenye herufi R

Mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta tuliiweka juu ya meza ya kazi ya mjomba, kwenye karakana yake huko Keko, Dar es Salaam, kati ya randa na patasi zake. Ilikuwa aina ya 3018, namba inayotaja eneo lake la kazi: sentimita 30 kwa 18. Wiki nzima nilikuwa nikijifunzia kwenye vipande vya plaiwudi. Siku hiyo mwaka 2021, mjomba alinipa ubao wa mninga aliokuwa ameupiga randa mwenyewe, nichonge neno KARIBU.

Kilichonisumbua zaidi tangu mwanzo ni sifuri, yaani pale mashine inapoanzia kuhesabu. Mashine ile haina macho. Wewe ndiye unayeionyesha ubao unapoanzia. Unatandika karatasi, unashusha biti, kile kisu chake cha kuchongea, kidogo kidogo huku ukiivutavuta karatasi, mpaka uisikie imeshikwa. Mjomba akaomba ajaribu. Alifumba macho. "Hapo," akasema, na ilikuwa hapohapo.

K ikatoka, A ikatoka. Karakana ikanukia mninga. Katikati ya R, umeme ukakatika.

Laptopu ilikuwa na chaji, nikashukuru. Kumbe ndiyo iliyoniponza. Iliendelea kutuma amri, na bodi ya mashine, ile saketi inayoongoza mota, ikilishwa na waya wa USB kutoka kwenye laptopu, iliendelea kuhesabu hatua ambazo mota hazikupiga. Umeme uliporudi, biti ilikuwa bado imezama kwenye R, ila kwa hesabu ya bodi ilikwisha kuinuliwa. Ikaburutwa kuelekea I, ikichana ubao njia nzima. Ilipofika ikashushwa tena, kina juu ya kina, ikavunjika.

Nilishindwa hata kumtazama mjomba. Ubao ule alikuwa ameutunza miaka.

"Kwa hiyo haioni, inahesabu tu?" akauliza nilipomaliza kumweleza.

"Inahesabu tu, mjomba."

Akaugeuza ubao, akapiga randa upande wa pili taratibu, kisha akachora msalaba mwembamba wa penseli pembeni. "Anzia hapa. Ikipotea, tunajua pa kuirudisha."

Nilifunga biti mpya, nikatandika karatasi, nikapima sifuri juu ya msalaba ule. Safari hii sikuondoa kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Tulipofika B taa ikafifia, nikabonyeza. Tukasubiri wote wawili, mjomba kashika ubao kwa mikono miwili, mpaka taa ilipotulia.