Bonde lililofukiwa, nilivyolipata

Nikiwa hapa Unguja, nilikuwa nachora bonde la Mahomet, Illinois, Marekani: mto wa kale ulichonga mwamba, kisha barafuto, yaani matabaka makubwa ya barafu yanayotambaa juu ya ardhi, zikalifukia kwa mchanga, kokoto na udongo. (Barafu mimi naijua ya friji tu.) Kumbukumbu za visima zilitaja kina cha mwamba, lakini ramani ilitoka vurugu, bonde halionekani.

Fundi visima wa Bububu akaniuliza, “Mwanangu, mdomo wa kisima uko juu ya bahari kiasi gani?”

Ndipo penyewe. Kina hupimwa kuanzia ardhini, na ardhi haiko sawa. Kwenye mwinuko wa kila mdomo nikatoa kina, nikapata kimo cha mwamba. Visima visivyofika mwamba sikuvitupa. Huonyesha kuwa mwamba uko chini zaidi ya pale vilipoishia. Bonde likajitokeza, mchanga wenye maji ukiwa chini kabisa.