Taa, saa, paa: mazoezi ya kusikia pale Luthuli

Mimi ni fundi wa simu. Nafanyia kazi Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofani, kwenye kibanda cha vioo ambacho mafundi kadhaa tunachangia kodi. Nasema hivyo mapema asije mtu akadhani naandika kama daktari. Mdogo wangu, aliye sekondari sasa, anao wataalamu wake wa kliniki, na wao ndio wanaomsetia mashine yake ya kusikia, ile ya kupandikizwa sikioni. Lakini akitoka kliniki anarudi kwetu, na sikio hilohilo linapanda matatu, linakaa darasani, na Jumamosi linakuja kwangu kibandani.

Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa shule ya msingi. Ilimwachia uhai, ikaenda na masikio. Madaktari hawakutaka kuchelewa kumpasua wampandikize mashine, maana baada ya homa hiyo mfupa unaweza kuota ndani ya koklea, ile konokono ya sikio la ndani, ukaziba njia ya elektrodi, vile vidude vya kupitisha umeme. Wateja wakiiona mashine yake hudhani ni ya kukuza sauti. Sivyo. Kile kidude cha nyuma ya sikio kinanasa sauti kwa maikrofoni, kinaichambua, kinaipeleka kwenye koili iliyoshikwa na sumaku kichwani. Kutoka hapo ishara inavuka ngozi bila waya hadi kwenye elektrodi zilizolala ndani ya koklea, nazo zinausisimua mshipa wa kusikia kwa umeme. Koklea nzima ina seli za kusikia zipatazo 15,000. Elektrodi huwa 12 hadi 22, kulingana na kampuni. Kwa hiyo siku ilipowashwa, akalia akisema sote tunaongea kama katuni, mimi sikushangaa hata kidogo. Kilichonishangaza ni kwamba ubongo ulikuja kuzoea.

Haukuzoea bure. Kila asubuhi, kabla ya chai, kuna zile sauti sita za Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi kuzungumza: mm, uu, ii, aa, sh, ss. Zinagusa kuanzia sauti nzito hadi nyembamba kabisa za usemi, hivyo akizipata zote mnajua mashine imeamka vizuri. Akiikosa ss peke yake, hapo kuna jambo: betri, vumbi kwenye maikrofoni, au ni wakati wa kurudi kuseti. Nyanya ndiye mwenye zamu hiyo. Husimama nyuma yake, mara karibu, mara kule mlangoni, na hunyamaza vipindi visivyolingana, kwa sababu ukizitoa kwa mdundo mmoja msichana anakisia. Usifunike mdomo kwa mkono. Mkono unameza ss na sh. Mimi nilichukua pete ya kudarizia, nikaiwamba kitambaa cha spika kuukuu. Sauti inapita, midomo haionekani.

Karatasi za mazoezi tulizopewa zilikuwa za Kiingereza, na za watoto wadogo: ng'ombe analiaje, mbwa analiaje. Msichana mkubwa huyo! Mama alizisukuma pembeni akaanza na zake. Taa, saa, paa, kaa. Pata na bata. Soka na shoka. Akizishika, wakaingia kwenye sentensi, na hapo Kiswahili kina mitego yake: mjomba alikuja, mjomba anakuja, mjomba atakuja. Silabi moja katikati, fupi, haina mkazo, ikikupita umepotea. Na kwetu kujua kama mjomba yuko njiani au alishaondoka si jambo dogo, maana mjomba huja na samaki.

Voisi za WhatsApp zimetusaidia kuliko programu yoyote tuliyowahi kupakua. Hazina midomo, zinarudiwa mara nyingi upendavyo, na kila mtu ana sauti yake. Binamu anatuma udaku, msichana anaandika alichosikia neno kwa neno, binamu anasahihisha. Akitaka kujua nani ameachana na nani, inabidi asikilize. Mazoezi ya kijana yasiyo na udaku ndani yake ni adhabu tu, na hapo sibishani na mtu.

Lakini nyumbani kumetulia, na mji huu haujatulia. Ndiyo maana Jumamosi anakuja Luthuli. Maduka ya spika yako pande zote, kila moja na muziki wake, chini kuna mtu na kipaza sauti akitangaza bei. Mwanzoni alikaa nyuma, mlango umefungwa, akisikiliza mteja mmoja. Malalamiko ya simu si mengi: haishiki chaji, skrini imepasuka, iliingia maji, haipati mtandao. Anajua mteja hatakuja kuongelea mahindi, hivyo masikio yana pa kuanzia. Alipoweza hapo, tukafungua mlango. Kisha nikamhamishia kaunta.

Kaunta ndiyo mtihani, hasa kwenye bei. Mteja wa Luthuli hasemi shilingi hamsini, anasema finje. Atasema mbao kwa ishirini, atasema soo kwa mia, na atayasema akiangalia simu yake, kichwa chini, midomo haionekani. Hakuna karatasi ya kliniki yenye maneno hayo.

Hapo kibandani nimepiga marufuku “ati?”. Ukimwambia mtu “ati?” atakurudishia sentensi ileile kwa kupiga kelele, na kelele inaharibu maneno, haiyanyooshi. Badala yake anasema alichopata na kuuliza kilichompotea: “Umesema skrini imefanya nini?” au “Ni hamsini ama sitini?” Mteja anajibu neno moja, wazi, na mambo yanaendelea. Siku hizi nami nawauliza wateja hivyohivyo.

Saa tisa hivi huwa amechoka. Kusikia kwa mashine kunakula nguvu ambazo sisi wengine hatuzitumii, kwa hiyo anaitoa koili, anaiweka mfukoni, anafungua simu za watu kwa bisibisi bila kusikia chochote, na ole wake mteja atakayempigia kelele mbele yangu. Mchana huo marafiki zake viziwi hupita, wanaongea kwa ishara hadi wanaangusha vikombe. Kuna jamaa aliniambia niwakataze, eti ishara zitamfanya mvivu wa kusikia. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge kwa Katiba ya 2010. Mimi ni nani niifukuze kwenye kibanda?

Jioni mashine inalala kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Si mchele. Mchele haukaushi simu, wala haukaushi hii.

Muziki bado unamsumbua. Mdundo anaupata safi, besi anaifurahia, ila elektrodi chache haziwezi kubeba tuni yote, na wimbo mpya humfikia umepungua. Nyimbo alizozijua kabla ya homa zinasikika vizuri zaidi, kumbukumbu inamjazia.

Sasa tumeanza simu za kawaida, za kupiga. Sauti inaingia moja kwa moja kwenye mashine kwa Bluetooth. Hofu yake ni watu asiowajua, basi nimempa kazi ya kuagiza spea kwa yule muuzaji wetu wa jumla anayeongea kama anakimbizwa. Anaagiza, anamrudishia kila namba ya modeli, na muuzaji alishamzoea. Juzi muuzaji huyo aliinunia oda nzima, kisha akanipigia mimi kulalamika kwamba dada yangu anabishana sana kuhusu bei.