Wanaijua sura yako, je wewe wanakujua?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe sana. Wiki hii tukae na Zaburi 142, ile Daudi aliyoomba akiwa pangoni, hasa mstari wa 4 pale anaposema "sina mtu anijuaye". Huyu ni Daudi yule yule ambaye wanawake walitoka mijini kumwimbia na kumchezea baada ya Goliathi kuanguka, jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu, halafu leo analia hana anayemjua. Kila nikisoma hapo namkumbuka mwigizaji mmoja wa enzi za muvi zisizo na sauti, Florence Lawrence.

Florence alizaliwa Hamilton, Kanada. Mama yake alikuwa na kundi la maigizo linalozunguka miji, kwa hiyo binti akapandishwa jukwaani bado mdogo kabisa, wanamtangaza kama mtoto wa ajabu anayejua kupiga mluzi. Mwaka 1908 akaingia kampuni ya sinema ya Biograph kule New York, na wakati ule kampuni zilikuwa hazitaji majina ya waigizaji, maana ukishajulikana si utadai hela zaidi. Basi watu wanajazana kumwangalia, wanaandika barua kuuliza huyu dada anaitwa nani, kampuni kimya, mwisho wakawa wanamwita Msichana wa Biograph tu. Yaani mtu unapendwa na maelfu, ila unaitwa kwa jina la mwajiri wako!

Baadaye akachukuliwa na Carl Laemmle, mwenye kampuni nyingine ya sinema. Mwaka 1910 ukavuma uvumi kwamba Florence kagongwa na tramu, ile treni ya barabarani mjini, amekufa, halafu Laemmle akatoa tangazo kwamba ni uongo, yuko hai na yuko kwetu, na wanahistoria wengi wanaamini uvumi wenyewe aliuanzisha yeye ili auze. Wakampeleka mji wa St. Louis, huko huko Marekani, watu wamwone, umati ukamsonga vibaya. Hapo ndo jina lake likajulikana na akawa staa, na wengi wanamhesabu ni staa wa kwanza kabisa wa sinema. Mimi hili huwa linaniuma, kwamba jina la mtu lilitolewa hadharani kwa kutumia habari ya kifo chake.

Na alikuwa na akili jamani. Alipenda sana magari, karibu na 1914 akabuni kifaa, unabonyeza kitufe mkono wenye alama unanyanyuka nyuma ya gari kuonyesha unakata upande gani, na ukikanyaga breki kinatokea kibao kimeandikwa simama. Hakuuandikisha uvumbuzi wake, hakupata kitu. Kisha akaumia vibaya wakirekodi tukio la moto, akaungua na mgongo ukaharibika, kazi zikapungua mpaka miaka ya 30 akawa anapewa vinafasi vidogo vidogo kwenye kampuni ya sinema ya MGM. Akapata ugonjwa wa uboho, ile ute ndani ya mifupa, wenye maumivu makali, na Desemba 1938 akajitoa uhai. Akazikwa Hollywood kaburi halina hata jiwe lenye jina, mpaka 1991 mwigizaji mmoja Mwingereza alipolipia.

Na wala Florence hakuwa akiishi peke yake, nyumbani kulikuwa na marafiki. Hapo ndo nataka tuangalie kanisani kwetu. Dada anayeongoza sifa tunamjua sauti, mzee wa kanisa tunamjua suti na maombi yake, ila nani anajua kwake wanakula nini, analala saa ngapi, daktari alimwambiaje? Tunamshangilia Jumapili, asipoonekana mwezi tunauliza tu nani ataimba. Wale waliomsonga Florence St. Louis walimpenda kweli, sisemi hawakumpenda, ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumuuliza unaendeleaje akasubiri jibu.

Daudi hakunyamaza na maumivu yake, alimwambia Bwana yote, na mwisho wa zaburi anasema wenye haki watamzunguka, yaani Mungu alimjibu kwa kumletea watu. Kwa hiyo wiki hii chagua mmoja anayehudumu mbele, nenda kwake, usimwambie lolote la ratiba wala mazoezi ya kwaya, keti umsikilize tu. Na kama ni wewe umechoka mpaka unawaza kuondoka duniani, mwambie mtu leo hii na uende hospitali pia, daktari naye ni mkono wa Mungu. Viongozi namba zetu unazo, piga hata saa nane usiku, tutapokea.