Mkwaruzo kwenye Fimbo ya Silinda

Msimu wa mavuno wa mwaka 2011 ulinikuta Njoro, katika gereji ya mjomba wangu, nikiwa na mwaka mmoja tu wa kushika spana. Mkulima jirani alituletea trela lake la mahindi, lililovutwa na Massey Ferguson 165, trekta la aina iliyoundwa miaka ya 1960 na 1970. Silinda ya kuinua bodi ilikuwa ikivuja hadi ikaacha mstari mweusi barabarani. Hasara haikuwa ya trela peke yake, kwani katika trekta hilo mafuta yanayoinua mizigo ndiyo hayo hayo yanayolainisha gia.

Mjomba alikuwa Molo, nami nilitaka sana arudi akute kazi imekwisha. Nilifungua kofia ya silinda, nikatoa sili, yaani pete ya kuzuia mafuta yasivuje, iliyokuwa imekakamaa kama pembe, nikatia mpya ya kipimo kile kile. Niliiweka sawa, mdomo wake ukielekea upande wa mafuta, maana presha yake ndiyo inayoubana mdomo huo kwenye fimbo, kile chuma kinachotoka na kuingia ndani ya silinda. Bodi ilipanda na kushuka bila tone kuonekana. Siku ya tatu mkulima alirudi, mafuta yakivuja kuliko mwanzo.

Mjomba hakunigombeza. Bodi ilipoinuka, kwanza aliikingia gogo nene, kwa sababu silinda ya aina ile husukumwa na mafuta wakati wa kupanda tu, na kushuka ni kwa uzito wa bodi yenyewe, hivyo paipu ikipasuka hakuna kinachoizuia isimwangukie aliye chini. Nilipopeleka kiganja kutafuta panapovuja, akaudaka mkono wangu.

"Mwanangu, hapo usiguse kamwe. Mafuta yenye presha hupenya ngozi kama sindano."

Akanipa kipande cha kartoni nitumie badala ya mkono. Kisha akazima injini, akaachia presha, akaifuta fimbo kwa kitambaa na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu hadi chini, polepole sana. Katikati alisimama, akaniambia nipitishe wangu. Ukucha ulikwama. Ulikuwa mkwaruzo usiozidi urefu wa punje ya mahindi. Kromu, ule utando unaong'aa uliopakwa juu ya chuma, ilikuwa imebanduka, kutu imeingia, na kingo zake zilikuwa kali kama wembe. Tulipoitoa sili yangu na kuielekeza kwenye mwanga, mdomo wake ulikuwa umechanika usawa wa mkwaruzo ule. Niliona uchungu, kwa kuwa fimbo hiyo nilikuwa nimeishika kwa mikono yote miwili bila kuikagua.

Tuliipeleka Nakuru mjini, na fundi wa kukereza vyuma akatutengenezea nyingine kutoka chuma kilichokwisha kupakwa kromu. Safari hii tuliiloweka sili katika maji ya moto ilainike, tukazifunika nyuzi za skrubu za fimbo kwa utepe zisiikate, na tukabadilisha pia sili ya nje inayozuia vumbi, ambayo mimi nilikuwa nimeipuuza. Tukaongeza mafuta, kisha tukaipandisha na kuishusha bodi tupu mara kadhaa ili hewa itoke.

Mkulima alipopakia mahindi, mjomba aliiinua bodi, akaikingia gogo, akazima injini, akanipa kitambaa cheupe. Nilipoifuta fimbo, kilipata utando mwembamba tu wa mafuta, kama inavyopaswa. Bei ya sili ya kwanza haikuandikwa kwenye hesabu ya mkulima. Niliomba ikatwe kwenye ujira wangu.