Kigutu kwanza, mkono wa bandia baadaye

Ndugu wa aliyekatwa mkono huuliza kwanza mkono wa bandia utapatikana lini. Lakini mkono huo hautakaa sawa juu ya kigutu (sehemu ya mkono iliyobaki) kilichovimba, na mambo huharibikia nyumbani, mgonjwa akisharuhusiwa kutoka hospitali ya Maweni, Kigoma, na kurudi Ujiji au Kasulu. Kwa hiyo timu si daktari, muuguzi, mtu wa mazoezi tiba na fundi wa viungo bandia peke yao. Yumo pia mke, kaka au mtoto atakayefunga bendeji. Afundishwe wodini, afunge yeye, muuguzi aangalie.

Bendeji iwe ya kuvutika, upana sentimita 7.5 hadi 10. Anzia nchani, ipishane kimshazari kama namba 8, ikaze nchani na ilegee kadiri inavyopanda. Wengi huizungusha mviringo kama wanafunga mzigo wa kuni. Hapo inakaba juu, majimaji yanakwama chini, na ncha inavimba kama balbu. Soketi, yaani kikombe cha mkono wa bandia kinachovalishwa kigutuni, haiingii tena. Funga upya kila saa 4 hadi 6. Kigutu kikipwita au kufa ganzi, fungua mara moja.

Fundi huenda yuko Moshi au Dar es Salaam, basi apelekewe namba. Chukua futi ya cherehani, pima mzunguko wa kigutu mahali palepale, saa ileile, kila wiki, uandike daftarini. Vipimo vikiacha kushuka, safari ina maana.

Mkono usining'inizwe shingoni kutwa, kiwiko kitakakamaa.

Vidole visivyokuwepo vitauma. Si uchawi. Simamisha kioo mbele ya kifua, uso wake uelekee mkono mzima, kigutu kikae nyuma yake, mgonjwa atazame taswira ya mkono mzima akikunja na kukunjua vidole taratibu, dakika 15 hivi. Kioo kikimsumbua, aache, amwone daktari. Dawa zipo, ila panadoli mara nyingi haifui dafu.

Fundi aambiwe kazi ya mtu. Kwa mkamua mawese au mvuta nyavu za dagaa, kulabu inayofunguliwa kwa waya kutoka begani ina faida kuliko mkono mzuri wa sura, ambao haushiki kitu.

Aliyepoteza wa kulia atakula kwa kushoto. Wakubwa wa nyumba walitamke hilo mapema, la sivyo atajitenga na sinia. Akila peke yake, kitambaa kibichi chini ya sahani huizuia isiteleze anapomega ugali.