Glima, mieleka ya kutoangalia miguu

Wiki hii nimerudi tena kwenye video za glima, mieleka ya jadi ya Aislandi, na kuna kitu kila nikikiona nasimamisha video narudisha nyuma. Hawaangalii miguu. Yaani mchezo mzima ni ngwala na mitama, halafu wewe unatakiwa usimame wima, kichwa juu, macho yapite juu ya bega la mwenzio, mguu wake uko wapi utajua kwa mikono tu.

Mikono yenyewe imeshika mkanda wa ngozi, kila mtu anavaa mmoja kiunoni na mingine mapajani, wa kulia unashika kiunoni wa kushoto unashika pajani basi. Zamani walikuwa wanashikana suruali kabisa, ndo maana mtindo huu jina lake ni brókartök, kushikana suruali, kuna mitindo mingine miwili ila huu ndo wenye heshima zaidi kwao. Na muda wote wanazunguka kwa hatua kufuata mwelekeo wa saa, mtu asiyejua atasema hawa wanacheza dansi, kumbe zile hatua ndo zinazofungua nafasi, ukisimama tu kama mti mchezo unakufa.

Mbinu kubwa ni 8. Mi naipenda hælkrókur, unamnasa mwenzio kisigino kwa kisigino chako kama ndoana vile, anaenda chali. Ukigusa chini na sehemu yoyote kati ya kiwiko na goti umeshaanguka.

Ila kinachonifanya niupende huu mchezo hasa ni kwamba kumsukumiza mtu chini kwa nguvu, au kumlalia akishaanguka, ni kosa, wanaita níð, neno ambalo kwa lugha yao ni aibu kubwa. Mwenzio aanguke kwa sababu mbinu imemshinda, sio kwa sababu umemkandamiza. Nimeangalia mieleka ya aina nyingi na sijaona kwingine sheria inayojali hivi namna mtu anavyoanguka. Hata kwenye hadithi zao za kale Thor, mungu wa radi mwenye manguvu yote yale, alipiga mieleka na kibibi kizee kinaitwa Elli, kadiri alivyokaza ndo bibi alivyozidi kusimama imara, mwisho Thor akaenda goti moja. Kumbe Elli ni uzee wenyewe.

Mashindano makubwa ni Íslandsglíma, yalianza 1906 mjini Akureyri, bingwa anapewa mkanda wa Grettir, yule shujaa wao wa zamani. Jóhannes Jósefsson alishinda 1907, mwaka uliofuata akaenda kwenye Olimpiki ya London, baadae akazunguka Marekani na sarakasi akionyesha glima, akarudi nyumbani na hela zake akajenga Hótel Borg pale Reykjavík, ilifunguliwa 1930. Hoteli ya nguvu za mieleka jamani!

Wanawake wao taji lao ni Freyjumen, mkufu wa mungu Freyja, na limeanza kushindaniwa 2000. Hapo huwa naumia, karibu miaka 100 baada ya wanaume, wakati mchezo wenyewe wala hauhitaji kifua, unahitaji mizani na mikono inayosikia.