Mteja kashtakiwa kutuma barua taka: nilivyolishughulikia

Niko upande wa ufundi katika kampuni ndogo ya kuhifadhi tovuti hapa Dar es Salaam. Seva zetu tunazikodi Ujerumani, kama wafanyavyo wengi wa ukubwa wetu. Kwa hiyo mteja wetu akituma barua pepe taka, wa kwanza kulalamikiwa ni wale Wajerumani wenye seva. Nao hawapigi simu kuulizia hali. Mfumo wao unatuma ujumbe wenyewe: anwani yenu ya IP imeripotiwa, toeni maelezo ndani ya saa 24, la sivyo tunaifunga. Na anwani hiyo moja, yaani namba ya seva kwenye intaneti, imebeba tovuti nyingi. Ikifungwa, inafungwa na ya duka la vipuri, ya zahanati na ya shule, watu ambao hawajui hata kama kuna kesi.

Safari hii Spamhaus, shirika linaloorodhesha wanaotuma barua taka ili seva nyingine zizikatae, walikuwa wametuweka kwenye SBL, mojawapo ya orodha zao. Hapo ndipo nilipoacha chai. Orodha zao nyingine zinajazwa na mashine, na baadhi unaweza kujaza fomu ukajiondoa mwenyewe. SBL haiko hivyo. Ombi la kutolewa hupelekwa na mwenye mtandao, na Spamhaus wanataka kusikia tatizo limekwisha kweli. Maelezo yangu basi yalipaswa kuwa yale ambayo Wajerumani wangeweza kuyapeleka mbele bila kuona aibu.

Kuna kampuni ambazo hapo hapo zingefungia akaunti nzima na kumwachia mteja agundue mwenyewe. Mimi siipendi njia hiyo. Kabla ya kumgusa mtu nataka kujua jambo moja: katuma, kadukuliwa, au kasingiziwa?

Kusingiziwa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu jina la mtumaji juu ya barua unaweza kuandika lolote. Ukitaka ukweli soma ile mistari iliyofichwa inayoonyesha barua ilipita wapi. Kila seva huongeza mstari wake juu ya iliyotangulia, kwa hiyo ya chini mtu anaweza kuighushi, lakini ule ulioandikwa na seva ya mpokeaji hana mkono nao. Mstari huo ulitaja IP yetu. Kusingiziwa hakupo.

Kudukuliwa ndiyo kesi ninayoikuta zaidi: WordPress (programu ya kujengea tovuti) ya miaka iliyopita, plagini (kiongezo chake) haijasasishwa, kisha faili la programu, la PHP, linajificha kwenye folda ya picha na kumwaga barua usiku kucha. Kesi ya namna hiyo, logi (kumbukumbu) za Exim, programu inayotuma barua kwenye seva, hukuonyesha folda barua zilikotokea. Wakati mwingine ni nywila iliyoibwa, na unaona akaunti moja ikiingia kutoka nchi tano ndani ya saa moja. Hapa sikuona hayo. Barua zilitumwa kwa jina na nywila ya mteja, kutoka intaneti ileile ya Arusha anayoitumia kulipia ankara zetu. Katuma.

Nilizuia barua zinazotoka kwake, basi. Tovuti ikabaki hewani na barua zinazoingia zikaendelea kuingia, maana huyu ni wakala wa utalii na watu wanaoulizia Serengeti wanamwandikia huko. Zilizokuwa kwenye foleni nilizishikilia bila kuzifuta, niwe na ushahidi. Majirani zake, ambao barua zao zilikuwa zimeanza kurudishwa, niliwatolea barua kupitia anwani nyingine. Yeye nilimwacha palepale. Ukimhamisha mtumaji kutoka anwani hadi anwani, Spamhaus huona unamficha, na wanaweza kupanua orodha ikakumba hata anwani zisizohusika.

Kisha nikampigia.

"Shikamoo mzee. Barua zako za matangazo zimetuletea matatizo."

"Marahaba. Kijana wangu, mimi mfanyabiashara, siyo tapeli."

Na kweli si tapeli. Alikuwa ameuziwa orodha ya mawakala wa safari wa Ulaya, na muuzaji akamhakikishia kwamba ni halali kwa sheria ya Marekani ya CAN-SPAM. Uongo mtamu zaidi ni ule wenye ukweli ndani: sheria hiyo ya 2003 inaruhusu kweli kumtangazia mtu asiyekuomba, mradi usimdanganye, uweke anwani yako ya posta na umpe njia ya kujitoa. Ila wengi wa wapokeaji wake walikuwa Ujerumani, ambako kifungu cha 7 cha sheria ya ushindani, UWG, kinataka kwanza upate ridhaa ya unayemtangazia kwa barua pepe. Mkataba wetu nao unakataza, Marekani iruhusu isiruhusu.

Akaleta hoja ambayo huletwa na karibu kila mteja: "Basi nitajie aliyelalamika nimfute."

Hapo ndipo mazungumzo yalichukua muda. Kwanza, simjui, Spamhaus huficha anwani ya barua pepe iliyopokea. Pili, huenda si mtu kabisa. Kuna anwani zilizotegwa, hazijawahi kuandikishwa popote wala kutumiwa na yeyote, na barua ikifika huko inathibitisha tu kwamba orodha yako haikutokana na watu waliokuomba. Tatu, hata ningemjua nisingemtaja, kwa sababu kumfuta mlalamikaji mmoja kunaziba mdomo wake na maelfu wanaendelea kusumbuliwa. Nikamwambia orodha yote itupwe, abaki na waliowahi kusafiri naye au kumwandikia wenyewe. Akikataa, nitampa nakala kamili ya tovuti na msimbo wa kuhamisha domeini (jina la tovuti) aende atakako. Kushikilia domeini ya mteja kama rehani, jambo ambalo wapo wanaolifanya, naliona ni unyang'anyi.

Alinuna, akakata simu. Jioni akanitumia orodha mpya, fupi sana, na ujumbe wa kukiri kwamba ya kununua ameifuta.

Wajerumani niliwaandikia kwa ufupi: nani (bila jina), orodha ilitoka wapi, nini kimezuiwa na saa ngapi, nini kimefutwa, na kikomo cha barua kwa saa tulichomwekea. Sikuandika "tunachukulia suala hili kwa uzito". Wanaosoma malalamiko kutwa wameisoma sentensi hiyo vya kutosha. Walipeleka ombi, Spamhaus wakatutoa, na hawatozi hata senti kwa hilo. Ukidaiwa pesa ya kuondolewa kwao, unaibiwa.

Kabla ya kumfungulia tulimwekea SPF, DKIM na DMARC, mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli. Google na Yahoo wamekaza tangu Februari 2024, na anayetuma kwa wingi hatakiwi kufikisha malalamiko ya asilimia 0.3. Kilichobaki ni Microsoft, ambao wana orodha yao wenyewe ya anwani wanazozizuia. Zahanati ilikuwa bado haipati njia ya kuwafikia watu wa Hotmail, hivyo nikajaza fomu yao kivyake, wakajibu kwa ujumbe wa mashine, nikajibu tena kuomba binadamu asome, ndipo wakafungua.